Injinia wa Karatasi Moja Moja

Alikuwa anasikiliza kwa vidole. Sikio lake la kushoto lilibaki vitani, kama alivyopenda kusema, ng'ambo ya Mutukula, upande wa Uganda, karibu na mzinga uliofyatuliwa kabla hajaziba masikio. La kulia lilikuwa zima lakini lilichagua cha kusikia. Ungemwita kutoka mlangoni asigeuke. Mashine ikianza kuvuta karatasi, aliweka ncha za vidole juu ya kifuniko chake, akainamisha kichwa kama mzazi anayempima mtoto homa, na kabla karatasi haijakwama alikuwa ameshasema kwa sauti ya chini kwamba sasa inakwenda vibaya. Na kweli ikakwama.

Sisi wa Rwamishenye, pale Bukoba, tulimwita Injinia. Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la ukoo, lakini sikumbuki kama nimewahi kulitamka mbele yake.

Nilikuwa na ofisi ndogo ya uchapaji, chumba kimoja kilichopakana na duka la dawa. Mume wangu alikufa miaka ile ugonjwa ulipokuwa bado unaitwa Juliana, kwa jina la mashati ya magendo yaliyokuwa yakivuka mpaka. Watu waliona ugonjwa na mashati vimekuja kwa njia moja. Aliniacha na binti yetu Koku na taipureta. Baadaye shemeji yangu aliyekuwa Kampala alinitafutia kompyuta iliyokwisha kutumika na printa ya wino, ile inayorusha wino kwa vitone vidogo badala ya kugonga utepe. Watu waliingia kuitazama hata wasipokuwa na cha kuchapa. Waliokuwa na cha kuchapa, wengi wao walileta kitu kimoja: ratiba ya mazishi. Nilijua nyimbo za misiba kwa namba zake kuliko nilivyojua nyimbo za Krismasi.

Injinia aliingia siku ya mvua kuchukua ratiba ya shemeji yake, mke wa marehemu kaka yake. Mwanamke huyo nilisoma naye shule ya msingi, kwa hiyo nilikuwa ninachapa huku macho yamejaa machozi. Printa nayo ilikuwa inavuta karatasi tatu tatu. Ubeti ulianzia kwenye karatasi moja ukaishia kwenye nyingine, na karatasi ya tatu ikatoka tupu, imekunjamana. Yeye alisimama pembeni, amevaa koti refu la kijivu, maji yakimchuruzika, akaniuliza kama anaweza kuifungua. Nikamuuliza kama ni fundi.

"Hapana," alisema. "Mimi ni katika wale wanaozibuni."

Nilidhani ni majonzi yanasema. Lakini aliishika ile mashine kama mtu anayemshika kuku wake mwenyewe, akaigeuza, akafungua kitu ambacho sikujua kinafunguka, akanionyesha gurudumu dogo la mpira lililong'aa kama sahani. Akasema limejaa vumbi la karatasi, limekuwa laini, haliwezi kushika. Chini yake kulikuwa na kipande kidogo kinachotakiwa kuizuia karatasi ya pili isiifuate ya kwanza. Hicho kilikuwa kimekwisha kabisa.

Alinieleza kwa viganja vyake, na maelezo hayo nilikuja kuyasikia akiwapa watu wengi, hata wasioyataka. Alivibana viganja pamoja, kimoja kikiwa karatasi ya juu na kingine karatasi ya chini. Mpira lazima uishike karatasi ya juu kwa nguvu kuliko karatasi zinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe, na kile kizuizi lazima kiishike ya pili kwa nguvu iliyo katikati. Ikizidi, haitoki hata moja. Ikipungua, zinatoka zote. Kiwandani Ujerumani, alikosomea baada ya vita na kuajiriwa, alikuwa amekaa miaka akitafuta hiyo katikati. Baba yangu mzazi, Mlutheri wa zamani asiyependa mzaha, alipoambiwa habari hizo aliuliza kama serikali ya Wajerumani inajua kwamba inamlipa mtu mzima ili karatasi iingie moja moja. Injinia alijibu kwa heshima kwamba ndiyo, waitu, na ni kazi ngumu.

Kile kizuizi alikitengeneza kwa kizibo cha chupa ya divai ya ushirika, alichokwenda kukiomba kwa mchungaji. Alikikata kwa wembe, kipande chembamba kama ukucha, akakigandisha. Gurudumu akalifuta kwa spiriti, kisha akalikwangua kidogo kwa msasa. Ratiba za shemeji yake zikatoka moja baada ya nyingine, zimenyooka, na yeye akasimama na vidole juu ya kifuniko hadi ya mwisho. Hapo tu ndipo nilipomwona anafuta uso.

Alikuwa amekuja kwa likizo. Tiketi ya kurudi ilikuwa tayari. Siku iliyofuata mazishi, ukoo ulikaa nyumbani kwao Kaagya, na mimi nilikuwepo kwa sababu ya usuhuba wangu na marehemu. Watoto waliobaki walikuwa watano, wamekaa mkekani karibu na mlango wa jikoni, mkubwa wao Kemilembe akiwa amempakata mdogo wa mwisho, Asimwe, aliyekuwa bado hajatembea sawasawa. Wazee walizungumza kwa upole, hawakuwa watu wabaya. Kila nyumba ilikuwa na mayatima wake. Wakasema Kemilembe aende Mwanza, kuna mama mmoja anahitaji msichana wa kazi. Wavulana wawili waende kwa shangazi Muleba. Anayewafuata aende Ijuganyondo kwa bibi. Asimwe, kwa sababu alikuwa anakohoa, hakuna aliyemtaja.

Injinia alikuwa amekaa upande ambao sikio lake bovu liliwaelekea wazee, nami nilidhani hasikii. Kisha akauliza kwa Kihaya, bila kupaza sauti, huyu mdogo anakwenda wapi.  Mmoja wa wazee akasema huyo ataangaliwa.

"Basi wote wabaki hapa," alisema. "Na mimi nabaki nao."

Mzee mmoja alimkumbusha kwamba ana kazi Ulaya. Akajibu kwamba anajua. Hakuna aliyemshukuru, kwa sababu hakuna aliyeamini. Nilimtazama Kemilembe. Hakulia. Alimhamisha mdogo wake kutoka paja moja kwenda jingine, kama mtu aliyeambiwa kwamba safari imeahirishwa.

Wiki ile ile alikuja ofisini kwangu na koti lake, akauliza kama nina nafasi ya kazi. Hivyo ndivyo tulivyoanza, na tulikaa pamoja katika chumba kile miaka mingi.

Sitaki mtu afikiri alikuwa malaika. Kwa karatasi alikuwa na subira isiyo na mwisho. Kwa watu hakuwa nayo kabisa. Mteja akikunja karatasi yake mara nne na kuileta ichapwe upya, Injinia aliikunjua mbele yake taratibu, akaipiga pasi kwa kiganja, akamtazama yule mtu kana kwamba amempiga ng'ombe. Wanafunzi walimwogopa. Katibu mmoja wa ushirika wa kahawa aliapa kutorudi, akarudi, maana kwingine barua zilitoka zimepinda.

Tena alikuwa mtu wa kujisifu. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba mkono fulani uliopinda, ulio ndani ya mashine za aina ile, aliuchora yeye. Siku moja akaingia fundi kijana kutoka Dar es Salaam, mstaarabu, akamwambia kwamba mashine kama ile huchorwa na watu mia. Nilijiandaa kwa ugomvi. Injinia alifikiri kidogo akasema ni kweli, walikuwa wengi, yeye alichora upande wa kushoto. Wakacheka wote wawili, wakakaa hadi adhuhuri wakizungumza mambo ya meno ya gia, na kijana yule akamwonyesha jinsi ya kusafisha vitundu vya wino kwa maji ya moto, jambo ambalo Injinia hakulijua. Kule kiwandani, alisema, watu wa wino walikuwa jengo jingine.

Bukoba ilimfundisha mambo ambayo kiwanda hakikuwa nayo. Mvua zetu ziliingia hadi ndani ya pakiti zilizofungwa. Karatasi ilinyonya unyevu wa ziwa, ikajikunja pembe, ikagandana na nyingine, na ile katikati yake aliyoitafuta kwa miaka ikahama. Alitengeneza sanduku la bati lenye balbu ndani, akawa anaziweka karatasi humo zikauke kabla ya kuzitumia. Umeme ukikatika, zilikwenda nyumbani kwangu, juu ya dari la jiko, kwenye moshi. Kuna misiba ya miaka ile ambayo ratiba zake zilinukia ndizi za kuchoma, na hakuna aliyelalamika.

Alinifundisha kuchana pembe ya karatasi ili kujua uzi wake unaelekea wapi, kama mbao. Upande mmoja inachanika imenyooka, upande mwingine inakwenda zigizaga. Alinifundisha kuipepeta pakiti kabla ya kuiweka. Na ilipokwama alinishika mkono nisiivute. "Usiivute, Mama Koku. Isubiri." Alilisema hilo kwa mashine, kwa uji unaochelewa kuiva, kwa mwanangu alipogoma kusoma. Watu wa mtaa walisema mambo yao kuhusu mimi na yeye. Niliwaacha waseme. Hawakujua kwamba mtu anaweza kukaa na mwenzake siku nzima, wakiongea maneno machache tu ya karatasi, na jioni akaenda nyumbani ameshiba.

Saa yake ya mkononi hakuibadilisha iwe ya kwetu. Iliendelea kufuata majira ya kule. Ukimuuliza saa ngapi, aliitazama, akaongeza saa moja au mbili kutegemea kama kule ni kiangazi au baridi, akaihamishia kwenye saa yetu ya Kiswahili, na alipofika mwisho wa hesabu wewe ulikuwa umeshatazama jua. Kila mwaka alisema mwakani anarudi. Alilisema kwa utulivu, bila uchungu, kama mtu anayesema kahawa itavunwa. Mwakani wavulana wataanza sekondari. Mwakani Kemilembe atamaliza. Mimi nilikuwa ninajibu ndiyo, mwakani, na nilikuwa ninaogopa.

Kulikuwa na asubuhi moja ya msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Nilifika nikakuta wamejaa dirishani na mezani, na mmoja alikuwa amejipenyeza kwenye mdomo wa mashine. Sikumwona. Nikachapa ratiba ya kwanza, ikatoka na alama ya kijani katikati ya ubeti na mguu mmoja umegandishwa juu ya wino. Injinia aliifungua mashine, akatoa kilichobaki kwa kibano, akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini. Alisema kule walijaribu mashine zao kwa vumbi, kwa joto, kwa karatasi zilizokunjwa, na katika watu wote wale hakuna aliyewahi kufikiria senene. Alitamani kuwaambia. Aliwataja wenzake kwa majina, mmoja mmoja, jinsi kila mmoja angecheka. Kisha kicheko kikaisha, akabaki ameketi sakafuni anatazama mikono yake, nami nikaenda nje kuwakusanya senene waliobaki nimpatie awapelekee watoto.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kadi za afya. Watu wa afya walitaka kadi ngumu, zenye picha za rangi, za kuwapelekea wavuvi na wachuuzi wa samaki kwenye visiwa vya Muleba, ambako ugonjwa ulikuwa unawamaliza watu waliotoka kila upande wa ziwa na wasio na ndugu wa kuwazika. Karatasi ya kawaida ilikuwa haidumu kwenye mikono yenye maji. Lakini kadi ngumu haikuweza kupita kona iliyo ndani ya mashine. Iliingia nusu ikasimama. Injinia alikaa nayo siku kadhaa. Mwishowe akaondoa bamba la nyuma, akatengeneza njia iliyonyooka kwa ubao wa musizi, ameulainisha kama mtumbwi, kadi ikawa inateremka kwa uzito wake hadi kwenye gurudumu bila kupinda. Alikwenda kisiwani mwenyewe na watu wa afya kuzigawa. Aliporudi alisema wengine walizitazama picha wakazifungia tumbaku. Nilimwambia pole. Akasema mvuvi mmoja aliyetoka mbali, asiyejua kusoma, alimshika koti akamtaka amsomee yote, mbele na nyuma, kisha akaomba asomewe tena.

Mazishini alikuwa na tabia iliyowaudhi ndugu zake. Jeneza likianza kushushwa, aliondoka. Alikuja ofisini, akafungua mashine, akaanza kufuta magurudumu ambayo hayakuwa machafu. Kaka zake wengine wawili walizikwa hivyo, yeye akiwa na kitambaa na spiriti. Sikumuuliza. Niliendelea na taipureta yangu.

Asimwe alikuwa analala mchana ofisini. Hakuwa na nguvu za shule. Alitandikiwa maboksi karibu na lile sanduku la bati kwa sababu lilikuwa na joto, akaegemeza mgongo hapo, na Injinia alikuwa akifanya kazi huku anamsemesha, wakati mwingine kwa Kihaya, wakati mwingine kwa Kijerumani, naye akarudia maneno yale kwa sauti yake nyembamba. Ndugu zake walimwita Injinia baba mdogo. Asimwe alimwita Tata, yaani baba kwa Kihaya, hakujua mwingine, na taratibu wote wakafuata. Tulisikia kwamba kuna dawa mpya nchi za nje. Injinia alizungumza na watu, akapiga simu posta, akasubiri. Dawa zilikuja Bukoba baadaye sana. Asimwe hakuzisubiri.

Ratiba yake aliichapa Injinia mwenyewe. Nilikuwa nimeshapanga karatasi kwenye mashine, kavu, zimepepetwa. Akaziondoa zote. Akakaa mbele ya mashine, akachukua karatasi moja, akaipeleka kwa mkono hadi mdomoni mwa gurudumu, akasubiri itoke, akachukua nyingine. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Nilimwambia aniachie, tutachelewa.

"Leo nataka kuzipitisha mwenyewe," alisema.

Nilivuta kiti nikawa ninapokea upande wa pili.  Na siku ya kuzika, jeneza dogo lile lilipoanza kushuka, nilimtazama, ndugu zake wote walimtazama. Alikuwa amewashika wavulana wawili mabegani, na hakuondoka. Alibaki hadi udongo wa mwisho, hadi migomba ilipopandwa pembeni, hadi watu walipokwenda kunawa.

Baada ya hapo sikumsikia tena akisema mwakani.

Koku alipoolewa Muleba na kupata watoto, alinitaka nikakae naye. Magoti yangu yalikuwa yameanza kukataa, na mjini kila duka lilikuwa na mashine ya kutoa nakala. Nilimwachia Injinia ofisi, naye baada ya muda akaifunga, akarudi Kaagya kwenye kahawa zake. Tulipelekeana salamu kwa watu wa basi. Mimi nilikuwa ninaamka asubuhi na mapema, mikono ikitafuta pakiti ya karatasi ya kupepeta.

Mara ya mwisho kumwona nilikwenda Kaagya mwenyewe, kwa sababu salamu zake zilikuwa zimekatika. Kemilembe alinipokea. Yeye sasa ni muuguzi, mtu mzima, ana mvi mbili tatu. Aliniambia polepole kwamba Tata ni mzima wa mwili lakini asubuhi huwa hayupo. Alasiri huwarudia, huwaita kwa majina yao, hula ndizi zake. Asubuhi anakuwa kule kwake Ujerumani. Mwanzoni walijaribu kumrudisha, wakamtajia Kaagya, wakamwonyesha migomba, akawa anahuzunika sana. Sasa wanamwacha.

Nilimkuta uani, kwenye benchi, mbele ya meza ya kuchambulia kahawa. Alikuwa amechana nywele, amevaa shati jeupe. Kidole chake kilikuwa kinachora juu ya mbao, mstari mrefu uliopinda mwishoni, anaufuta kwa kiganja, anauanza upya. Nilimwamkia kwa Kihaya. Akainua uso, ukang'aa, akanijibu kwa Kijerumani, maneno mengi, ya haraka, sauti ya mtu mwenye afya na kazi ya kufanya. Sikuwahi kumsikia na sauti ile. Miaka yote tuliyokaa pamoja, sauti ile alikuwa ameiweka mbali.

"Anadhani wewe ni yule aliyekuwa anakaa naye meza moja kiwandani," Kemilembe alininong'oneza. "Anamngoja kila asubuhi."

Nilimuuliza ni nani huyo. Hakujua. Hakujua hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke.

Injinia alinionyesha mstari wake usioonekana, akaniuliza kitu. Nilijua ni swali kwa jinsi alivyosubiri. Nilimtazama vizuri, uso ule ambao kwangu ulikuwa na huzuni ndogo isiyokwisha, na huzuni haikuwepo. Nikamwambia ndiyo, hivyo ni vizuri, iache hivyo hivyo. Akaitikia kwa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyesumbuka sana na jambo na mwenzake amelimaliza kwa neno moja.

Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, akaniachia nafasi, nami nikakaa.